Mkono wa Saisi

Mgeni anayekuja Mitunguu kukaa mwaka mzima au zaidi, awe mwalimu, daktari au mtafiti wa kilimo, hupata karibu kila anachohitaji isipokuwa farasi. Ndizi zimejaa sokoni, maji ya mto Thingithu yanafika mashambani kwa mabomba, matatu za kwenda Nkubu hazikosekani. Punda nao wapo, wanavuta mikokoteni ya maji na kubeba magunia siku za soko. Lakini mtu aliyelelewa na farasi kwao, akafika huku na hamu yake ya kupanda, ataulizia kijiji hadi kijiji na kila mtu atamwonyesha punda.

Sababu iko hewani na ardhini. Mitunguu iko chini, kwenye joto, na ukizidi kuteremka unaingia Tharaka, kisha nyika inayoelekea Mbuga ya Meru. Huko ni nchi ya mbung'o, na mbung'o hubeba nagana, ugonjwa unaomkondesha farasi mpaka mbavu zihesabike. Tena kuna adui mdogo zaidi, usubi, unaoruka kuanzia jua linapozama hadi alfajiri na kubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huu hauna huruma. Huko Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa bara, uliua farasi karibu 70,000 kati ya mwaka 1854 na 1855. Pundamilia huupata bila kuonyesha dalili yoyote, na punda wetu kwa kawaida huhimili. Farasi aliyeletwa kutoka Ulaya au Arabuni, asiyechanjwa, akiupata mara nyingi hafiki wiki ya pili.

Kwa hiyo jibu langu kwa wageni ni moja: panda juu. Chukua gari hadi Nkubu, kisha mjini Meru, kisha barabara ya Nanyuki inayouzunguka Mlima Kenya kwa upande wa kaskazini. Ukipita Subuiga, njia panda ya Isiolo, migomba imekwisha zamani. Timau unakutana na mashamba ya ngano, upepo mkali, na baridi inayomfanya mtu wa Mitunguu atafute sweta saa sita mchana. Huko ndiko waliko farasi. Wapo kwenye hifadhi za Lewa na Borana, wapo kwenye mashamba makubwa ya watu binafsi, na ukiendelea mpaka Nanyuki wapo kwenye hoteli ambako mgeni hupandishwa kwa saa moja hivi, mlima ukiwa mbele yake.

Nikimaliza kutaja mahali, huongeza jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii. Usiulizie farasi. Mwulizie saisi, mtunzaji wa farasi.

Nasema hivyo kwa sababu nimemwona saisi akiwa kazini, na tangu hapo sioni kwamba kuna kazi ya mikono katika milima yetu inayostahili heshima kuliko hii. Nilimsindikiza mwalimu mgeni, mwanamke aliyekuwa amepanda tangu utotoni, hadi shamba moja la upande wa Timau. Tulifika bado giza giza. Saisi, mzee wa Imenti mwenye koti la kijeshi lililofifia, alikuwa amesimama nje ya banda na mikono mifukoni, hagusi chochote. Alikuwa anatazama. Alitazama kama pumba ya jana imeliwa yote, kama kinyesi ni kikavu au laini, kama farasi amesimama kwa miguu yote minne au ameupumzisha mmoja. Alipoingia alimshika farasi taya, akakigeuza kichwa kuelekea mwanga wa taa, akapapasa kwa kidole gumba kishimo kilicho juu ya jicho.

Kishimo hicho ni kitabu kwa anayejua kukisoma. Katika aina mojawapo ya ule ugonjwa wa usubi huvimba na kujaa, na anayekipapasa kila asubuhi hukuta uvimbe ungali mdogo. Kisha mzee aliinua mdomo wa juu wa farasi, akabonyeza ufizi hadi ukawa mweupe, akaachia. Rangi ya waridi ilirudi upesi. Kwa farasi mzima hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri, pengine amekaukiwa maji au tumbo limeanza kumsumbua. Mapigo ya moyo ya farasi mkubwa aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Saisi yule aliyahesabu kwa vidole viwili chini ya taya, bila saa, midomo ikicheza kidogo.

Mgeni wangu akasogea na mkono mbele. Mzee akamzuia kwa upole: "Ngoja kwanza, mama. Mpe mkono aunuse."

"Sawa, mzee," akajibu, akaufungua mkono na kungoja. Alikuwa amepanda farasi wengi kuliko sisi sote pale, na bado alitii kama mwanafunzi. Hapo nikajua kwamba atarudi.

Kwato zilichukua muda mrefu kuliko yote. Mzee aliteremsha mkono kutoka begani hadi kifundoni, farasi akainua mguu mwenyewe, na kwa kijichuma kilichopinda akaanza kutoa udongo kutoka kisiginoni kuelekea mbele, akiikwepa ile nyama laini ya katikati yenye umbo la pembetatu. Kila ukwato aliunusa. Harufu mbaya maana yake kuna uozo, na uozo huanza pale banda linapokaa na mkojo. Alipofika kwenye mguu wa nyuma wa kulia alitoa kokoto isiyozidi punje ya mahindi, akaiweka mfukoni mwa koti badala ya kuitupa, isije ikaingia katika ukwato mwingine. Baadaye akafungua mkia na kutafuta kupe chini yake, kisha ndani ya masikio, mahali wanapopenda kujificha.

Kisha tandiko. Alilaza manyoya yote ya mgongo kwa kiganja kabla ya kuweka kitambaa, kwa sababu unywele mmoja uliokunjwa chini ya tandiko huweza kuwa kidonda baada ya saa tatu za safari. Akafunga mshipi wa tumbo, lakini si kwa nguvu. Akamtembeza farasi hatua chache, akarudi kuukaza tena, kwani farasi wengi huvuta pumzi na kutunisha tumbo mshipi unapofungwa. Lijamu alilifumbata viganjani kwa muda mrefu kabla ya kumtia mdomoni. Asubuhi ya Timau chuma huwa baridi kama barafu.

Haya yote hufanyika kila siku, na mpandaji huyaona mara chache, maana akifika farasi yuko tayari, anang'aa, vikuku vimeshushwa. Historia nayo imefanya hivyohivyo. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika hapa mwaka 1914, walowezi walijiunga katika kikosi cha wapanda farasi jijini Nairobi, na farasi wao wakafa kwa wingi katika nchi za mbung'o. Tunajua majina ya maofisa. Majina ya waliowalisha farasi hao na kukesha nao wakifa ni machache mno. Ndiyo maana namheshimu Beryl Markham, aliyekulia Njoro, akapata leseni ya kufunza farasi wa mashindano akiwa bado kijana, na farasi wake wakashinda Kenya Derby mara kadhaa. Watu wanamkumbuka zaidi kwa kuivuka Atlantiki kwa ndege peke yake mwaka 1936. Kitabu chake cha mwaka 1942 kinamtaja arap Ruta, aliyekua naye na kufanya naye kazi mabandani, kwa jina lake na kwa staha. Vikombe vya mbio huandikwa jina la farasi na la mwenye mali. Ningependa kuona siku moja, pale uwanja wa mbio wa Ngong, jina la saisi likichongwa kwenye kikombe hichohicho.

Wako waliojaribu njia ya mkato dhidi ya magonjwa ya farasi. Raymond Hook wa Nanyuki alizalisha chotara wa pundamilia na farasi jike, wakabeba mizigo Mlima Kenya. Fikra ilikuwa nzuri, kumchanganya farasi na mnyama ambaye nchi hii haimuui. Lakini chotara hawakuenea, na farasi wa Timau bado anaishi kwa chanjo, kwa kufungiwa ndani kabla jua halijazama, na kwa mtu anayempapasa kishimo cha jicho. Baridi huupunguza usubi, haiumalizi. Mvua za Machi hadi Mei zikizidi, saisi hulala kwa wasiwasi.

Kupanda kwenyewe ni furaha ambayo sitaipunguza. Pale Lewa kuna pundamilia wa Grevy, warefu, wenye masikio ya mviringo na milia myembamba, na mtu juu ya farasi huwakaribia kuliko mtu anayetembea kwa miguu, kwa kuwa umbo wanaloliona ni la mnyama mwenye miguu minne. Uzio kati ya Lewa na Borana uliondolewa mwaka 2014 ili vifaru wapate nafasi, kwa hiyo nchi ni pana na si ya mchezo. Anayetaka kwenda huko awe na uwezo wa kwenda shoti na kumsimamisha farasi anapotaka, kwani tembo hasubiri mtu atafute hatamu. Asiyeweza aseme mapema, atapewa farasi mtulivu na njia fupi. Aseme na uzito wake wa kweli. Mgongo utakaoumia si wake.

Safari za hifadhini ni ghali kwa mshahara wa mwalimu, na hapo ndipo kumjua saisi kunapofungua mlango. Kwenye mashamba binafsi kuna farasi wanaokosa mtu wa kuwanyoosha miguu wamiliki wao wakiwa safarini, na mwenye shamba akitaka kujua kama mgeni fulani anafaa, humwuliza saisi. Saisi naye hatatazama jinsi ulivyokaa juu ya tandiko. Ataangalia ulifanya nini uliposhuka: kama ulilegeza mshipi, kama ulimtembeza farasi mpaka jasho likapoa, kama ulimpa maji kabla hujatafuta chai yako.

Yule mwalimu mgeni alipewa ruhusa ya Jumamosi. Hulala Meru Ijumaa usiku ili awahi kabla ya malisho, huzoa samadi na kubadilisha majani ya kulalia, na juzi mzee alimwachia ukaguzi wote wa farasi mmoja jike, kuanzia ufizi hadi kwato, akisimama kando na mikono mifukoni. Sasa anataka kuleta vijana wawili wa shule yake, mmoja wa Mitunguu na mwingine wa Tharaka, wakajifunze kazi hiyo likizo ya Agosti. Mzee amekubali, kwa sharti kwamba mwezi wa kwanza wasipande.