Sifa za Fundi Baiskeli

Baiskeli ya Pemba haina siku ya kulala. Alfajiri imepakia pakacha la samaki kutoka diko la Tumbe, mchana inashusha gunia la makonyo, jioni inampeleka mtoto chuoni. Baina ya alasiri na magharibi, ikipata bahati, inambeba mwenyewe peke yake, hana mzigo wala haraka, anakwenda kupunga upepo. Chombo ni hicho hicho. Kwetu ni wachache wenye baiskeli ya kazi na nyengine ya starehe, kwa hiyo anayeitengeneza kwa ajili ya kazi ameitengeneza kwa starehe pia, atake asitake. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu leo.

Seremala ana milango yake ya nakshi, na wageni huipiga picha Mji Mkongwe kutwa nzima. Fundi wa majahazi ana watafiti wanaomfuata na vinasa sauti. Fundi baiskeli ana kivuli cha mwembe, beseni la maji na kopo la spana zilizochakaa, na hakuna anayemkumbuka mpaka cheni ikatike.

Pancha ndiyo kazi yake ya kila siku, na kila mtu hudhani anaiweza. Anautoa mpira wa ndani bila kuutoboa mara ya pili, anautia upepo, anauzungusha ndani ya beseni kipande kwa kipande mpaka maji yatoe mapovu. Anatia alama, anakausha, anakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni. Halafu hafanyi kitu. Hapo ndipo vijana wanaojifunza kwake hushindwa, maana solusheni ikiwa bado mbichi kiraka hakishiki, na mwenye baiskeli amesimama kichwani anauliza kama bado. Fundi anasema, "Bado," na anamuuliza habari za nyumbani. Kiraka chenyewe hukikata mviringo, kwa sababu chenye pembe huanza kubanduka pembeni. Tairi ya upepo tunayoitegemea sote ilipewa hataza mwaka 1888 kwa jina la John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, aliyeitengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Kwa hiyo chombo hiki kinachotubebea mizigo kina deni kwa baba aliyetaka mtoto wake acheze bila kutikisika.

Lakini ustadi wa fundi hasa uko kwenye ringi. Baiskeli zetu nzito za inchi 28, Phoenix za China na Hero za India, zimefuata mtindo wa Raleigh ya Nottingham: kwa kawaida spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo unakaa nyuma. Njia za shamba zina mashimo na mizizi, na gunia juu ya keria halisamehe. Ringi ikianza kuyumba, breki inasugua upande mmoja na mpandaji anachoka kabla ya kilima. Fundi anaipindua baiskeli, kiti na usukani chini, anazungusha gurudumu na kuweka kipande cha chaki karibu na ringi bila kuigusa. Ilipopinda, ringi inaijia chaki yenyewe na kuondoka na alama nyeupe. Asiyejua angechukua nyundo. Yeye analegeza spoku za upande ule, anakaza za upande wa pili, robo mzunguko tu, kisha anazungusha tena. Akikaza kwa pupa, kasoro inahama kutoka hapa kwenda pale. Mwisho anazipiga spoku kwa kidole, moja baada ya moja, kama mpiga udi anayelinganisha nyuzi, na ile iliyolegea inajitaja kwa sauti nzito iliyokufa. Nimeliona gurudumu nililodhani limekwisha likizunguka tena limenyooka, na fundi anafuta mikono kwa kitambaa bila kutazama kama kuna anayeshangaa.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu haiishi kwa kufunga mlango wa darasa. Madaftari yananifuata nyumbani, mtihani wa taifa unanifuata usingizini, na mshahara una wenyewe kabla haujafika. Jirani yangu ana wasiwasi wa aina nyengine. Karafuu zake zimo majamvini na wingu linapanda, na zikinyeshewa kabla hazijakauka, daraja linashuka kabla hajazifikisha kwa ZSTC, mnunuzi pekee anayetambuliwa na serikali. Wake wa pwani wana mwani na bei yake isiyotabirika. Wasiwasi wa namna hii hautoi mapovu ukiutia ndani ya maji. Ndiyo maana napenda kukaa kwenye benchi la fundi hata nisipokuwa na shida. Pale shida ina mahali pake, inaonekana, inatiwa alama ya chaki, na kabla ya adhana imekwisha. Sidai kwamba mambo yangu yanatatuka hapo. Nadai tu kwamba narudi nyumbani nikiwa na subira zaidi ya niliyokwenda nayo.

Halafu kuna kuendesha kwenyewe. Mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kwa Afrika, na vijana wa kwetu walishinda na simu wakitazama wanaume wenye miguu ya chuma wakipanda vilima, kila timu ikifuatwa na gari lenye magurudumu ya akiba. Vilima tunavyo. Upande wa magharibi wa kisiwa ni kupanda na kushuka, bonde la mpunga huku, kilima cha mikarafuu kule, na kwenye mteremko mtu mzima mwenye wajukuu huachia pedali na kanzu yake ikajaa upepo. Hakuna anayemcheka. Hupiti watu barazani kimya: unapiga kengele, unasalimia, unaulizwa unakwenda wapi, unajibu "natembea tu," na jibu hilo linakubaliwa. Ndani ya gari salamu hizo zote zingekupotea.

Njia niipendayo ni ya kutoka Konde kuelekea Makangale, inayopita katikati ya Msitu wa Ngezi. Ukiingia chini ya miti ile joto linakatika ghafla, na ukibahatika unawaona popo wa Pemba, wakubwa na wekundu, wananing'inia juu. Ukitokeza upande wa pili, pwani ya Vumawimbi si mbali, na maji yakiwa yametoka mchanga ni mgumu kiasi cha kubeba tairi. Starehe hiyo ina gharama. Chumvi huila cheni, na mchanga huingia kwenye goroli za habu. Fundi huijua kwa sikio kabla sijashuka. "Mwalimu, umeipeleka pwani hii," husema, na simbishii. Anafungua habu, anamwaga goroli kwenye kifuniko cha kopo, anaziosha kwa mafuta ya taa, anazipanga upya ndani ya grisi. Kunikataza hajanikataza hata siku moja. Akishamaliza huipanda mwenyewe, anazunguka mwembe, anarudi na kunikabidhi.

Pikipiki zimeongezeka, na bodaboda inafika Wete kabla baiskeli haijamaliza kilima cha kwanza. Sina ugomvi nazo. Ila mtoto hajifunzi juu ya pikipiki namna anavyojifunza juu ya baiskeli ya babake, mguu mmoja umepenya chini ya bomba kwa sababu kiti hakifikiki, anaanguka, anacheka, anakwenda kwa fundi kuomba upepo. Huo hutiwa bure. Fundi humpa pampu ajitilie mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, kama unayo baiskeli imelala uani inaota kutu, ipeleke. Bei atakayokutajia ni ndogo kuliko kazi yake, kwa hiyo usiombe upunguziwe. Na uende mapema, maana karafuu zikishaiva hata yeye hufunga kopo lake la spana akaenda kupanda mikarafuu.