Sifa za Mpanga Kurasa

Mwandishi anayejigharamia kitabu chake jijini Nairobi huulizwa mambo mawili kabla hata wino haujakauka: jalada likoje, na umechapa nakala ngapi? Ni nadra kusikia mtu akimuuliza kurasa alizipanga nani. Huyo asiyeulizwa ndiye ninayetaka kumsifu hapa, kwa sababu kazi yake ndiyo msomaji anayokaa nayo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mpanga kurasa hupokea muswada ukiwa faili ya kompyuta akaurudisha ukiwa kitabu. Ndiye anayeamua mstari uwe na urefu gani, herufi ziwe na ukubwa gani, na pambizo la ndani liachiwe nafasi kiasi gani ili msomaji asilazimike kukivunja kitabu mgongo ndipo ayaone maneno yaliyozama kwenye gundi. Akiifanya kazi hiyo vizuri, haonekani. Akiiharibu, lawama humwendea mwandishi: msomaji hukiweka kitabu chini mapema akidhani hadithi ndiyo nzito, kumbe macho yake yamechoshwa na mistari iliyobanana.

Nairobi imekwisha kuonja nguvu ya ufundi huu. David Maillu alikuwa msanifu wa michoro katika shirika la utangazaji la Voice of Kenya kabla jina lake halijavuma. Mapema miaka ya 1970 alianzisha Comb Books, akawa mwandishi na mchapishaji wa vitabu vyake mwenyewe. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle vilitoka mwaka 1973, na After 4.30 mwaka uliofuata. Wahakiki walivishambulia kwa maudhui yake, Tanzania ikapiga marufuku baadhi yake, na mjadala huo haujaisha. Lakini vitazame kwa jicho la fundi. Ni vitabu vidogo vya kutia mfukoni. My Dear Bottle na After 4.30 vimeandikwa kwa mistari mifupi kama ya ushairi, mistari ambayo karani anayerudi nyumbani kwa basi huweza kuifuata huku amesimama na mkono mmoja umeshika chuma. Umbo la kitabu lilimfuata msomaji mahali alipo. Miongo mitatu baadaye, jarida la Kwani? lilipozaliwa mwaka 2003, waanzilishi wake nao walikuja kutoa mfululizo wa vijitabu vya mfukoni, Kwanini?, na hadithi ndefu ikapata mwili wake yenyewe badala ya kusongamana na nyingine kumi. Sidhani watu hawa waliichukulia saizi ya kitabu kuwa jambo la kumwachia mwenye mashine.

Leo mwandishi wa Kangemi, Kawangware au Lavington hushuka tao na faili yake, akaelekea River Road na vichochoro vinavyoizunguka, ambako kuna mashine za kila aina. Huko ndiko hesabu ya karatasi inapomkamata asiyejiandaa. Karatasi ya ukubwa wa A2 ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu hutoa kurasa 16 za A5. Kwa hiyo kitabu kinachochapwa kwa mikunjo hiyo hukua kwa 16: kurasa 160, 176, 192. Ukifika na kurasa 163, utalipia karatasi tupu au utaambiwa upunguze herufi, na hapo ndipo vitabu vingi huharibiwa kwa dakika tano kwenye kaunta. Mpanga kurasa mzuri huijua hesabu hii tangu siku ya kwanza. Kwanza humuuliza mpiga chapa atatumia karatasi gani, ndipo achague upana wa mstari na nafasi kati ya mistari, na kitabu kikatulia chenyewe kwenye kurasa 160 bila neno kubanwa. Upana wa mgongo pia haukadiriwi kwa macho. Kurasa 192 ni majani 96, na kwa karatasi ya kawaida ya gramu 80 hiyo ni takriban sentimita moja. Atakayechora jalada kabla ya kuijua namba hiyo ataliona jina la kitabu likipinda kuelekea ubavuni.

Hata hivyo, mahali ninapomheshimu zaidi fundi huyu ni pale anapokipanga Kiswahili. Programu nyingi zinazotumika Nairobi huachwa kwenye kanuni za Kiingereza, na kanuni hizo hazijui silabi zetu. Neno likifika ukingoni mwa mstari huweza kukatwa nyim-bo, Mom-basa, kin-yume, ilhali Kiswahili husema nyi-mbo, Mo-mba-sa, ki-nyu-me. Msomaji hujikwaa bila kujua amekwazwa na nini. Tena maneno yetu ni marefu. Tutakapowasimulia ni neno moja, na hawakutuelekeza ni neno moja. Ukiyalazimisha kwenye mstari mwembamba ulionyooshwa pande zote mbili bila kuyakata, mianya myeupe hufunguka na kushuka ukurasa mzima. Fundi anayeijua lugha huzima kanuni ngeni, hukata kwa silabi, hukumbuka kwamba daftari na labda zina desturi nyingine, na haiachi m ya mtu peke yake ukingoni. Alama ya ng' nayo huihakikisha kila mahali, isije ikageuka alama ya kufungulia usemi katikati ya ng'ombe. Hakuna mashine itakayomfanyia kazi hiyo yote. Ni kusoma, mstari kwa mstari.

Ushairi ndio mtihani wenyewe. Mshororo wa tarbia una vipande viwili, ukwapi na utao, mara nyingi mizani nane kwa nane, na jicho linapaswa kuuona mgawanyo huo kabla sikio halijausikia. Nimeona diwani zenye mashairi mazuri ambamo mshororo umevunjika ukaangukia chini, au ubeti umekatwa, mishororo mitatu huku na kituo upande wa pili wa jani. Huko ni kumdhulumu mshairi. Ubeti ukae pamoja, vipande vilingane, na nafasi nyeupe iachwe bila choyo. Wakiniambia karatasi ni ghali, nitawajibu kwamba ni heri mashairi 40 yanayopumua kuliko 60 yanayosongana.

Mengine nitayasema kwa haraka. Mhariri aje kabla ya mpanga kurasa, kamwe si baadaye, kwa sababu kila aya inayoongezwa baada ya kupangwa huvuruga kurasa zinazofuata. Prufu isomwe kwenye karatasi. Nambari ya ISBN huombwa kwa huduma ya maktaba ya taifa, KNLS. Usichape kabla hujaipata, maana duka kubwa litakuuliza. Chapa nakala chache kwanza. Siku hizi mwandishi anayejichapishia ana pa kuuzia, mfano duka la Nuria pale Moi Avenue, na ana pa kujifunzia pia: nenda maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi yafanyikapo Sarit Centre, Westlands, ufungue vitabu katikati na kutazama pambizo. Na fedha zikiwa haba, acha jalada la kung'aa, umlipe mpanga kurasa.

Kisha lipo deni moja ambalo halikugharimu hata senti. Nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu kuna ukurasa wa haki, penye jina la mchapishaji, mwaka na nambari. Wachora majalada wameanza kutajwa pale, na ni haki yao. Aliyezipanga kurasa hutajwa kwa nadra. Wewe unayejichapishia huna bodi ya kuomba ruhusa wala mila ya kampuni ya kufuata. Ukurasa huo ni wako. Liandike jina lake.