Muda wa Nani? Kumsoma Mwana Kupona Sumbawanga

Mabishano juu ya Utendi wa Mwana Kupona yamezunguka swali lilelile kwa miaka mingi: je, unamfundisha mwanamke utii, au unamfundisha kumtawala mume kimyakimya kwa kujifanya mtiifu? Nimeusoma mara kadhaa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili nyumbani Sumbawanga, na naona pande zote mbili zinaruka jambo lililo wazi. Utendi huu ni ratiba.

Tazama ushauri wenyewe. Mume akilala, mke asimwamshe, asipaze sauti, asiondoke, ampepee. Akiamka, amkute palepale. Mke akitaka kutoka, aombe ruhusa, na asikawie huko. Usingizi wa mume umewekewa mlinzi. Sikuona ubeti unaouliza mlinzi huyo atalala saa ngapi.

Ushauri wa namna hii nimeusikia kwenye kicheni pati za hapa kwetu, ukitolewa na akina mama ambao hawajawahi kuusoma utendi: maji ya moto yawe tayari, chakula kisichelewe, mume asikukose nyumbani. Lakini Ufipa si Pate. Hapa tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya moto ya asubuhi ya Julai maana yake kuna mtu ameamka gizani kuwasha jiko. Maharage yana saa zake. Na akina mama hao hao wanaotoa ushauri wametoka shambani, wameinua matuta na kufukia majani yaoze ndani yake. Mke anayezungumziwa na Mwana Kupona hashiki jembe.

Kwa nini hashiki? Jibu limo ndani ya utendi. Mwana Kupona anamwonya bintiye asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kwangu mimi huo ndio ubeti unaobeba hesabu yote. Mke anaweza kukaa akimpepea mume kwa sababu kuna mwingine anayefanya kazi za nyumba. Mwondoe huyo, ratiba nzima inaanguka. Tukiuleta ushauri Sumbawanga bila kuileta hesabu yake, tunamtwika mwanamke mmoja kazi za watu watatu, kisha tunamwambia hajui kupanga muda.

Kuna jambo la pili. Mwana Kupona alitunga utendi huu mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Anaanza kwa kumwita bintiye asogee na wino na karatasi. Ratiba anayomwachia binti haina nafasi ya wino. Yeye mwenyewe aliipata nafasi hiyo akiwa mjane. Sisemi aliufurahia ujane: anamkumbuka mumewe kwa upendo, na anasema waliishi bila kugombana. Ndiyo maana siamini kwamba tatizo ni kukosekana kwa mapenzi. Watu wawili wanaweza kupendana sana na bado saa za mmoja zikamezwa na mwingine.

Shangazi zangu wamenishauri niahirishe masomo mpaka watoto wakue. Mume wangu hajasema hivyo. Anachotaka ni tukae pamoja jioni, tuzungumze, na hilo ni haki yake kama ilivyo yangu. Ila jioni ndiyo saa niliyonayo ya kuandika, na hata hiyo naipata kwa sababu binti anayetusaidia kazi yuko jikoni akiosha vyombo. Kwa hiyo mazungumzo yetu kuhusu muda hayawezi kuwa ya watu wawili tu. Tumekubaliana mume apike siku mbili kwa wiki, binti awe amemaliza kazi saa mbili usiku, na sisi wawili tukae pamoja Jumapili bila simu wala tasnifu. Sura yangu ya tatu inakwenda polepole.

Wanaofundisha utendi huu, shuleni na kwenye kicheni pati, wanamuuliza binti kama atamtii mumewe. Wangemuuliza pia nani atateka maji wakati yeye anampepea, na wino wake ataushika saa ngapi.