Jinsi GNOME Walivyomfungia Mdai Mlango

Jumamosi alasiri, kando ya ziwa hapa Karavia, Lubumbashi, bibi harusi alikuwa bado anapangwa chini ya mti wakati mpiga picha alipochomoa kadi ya kamera na kuichomeka kwenye kompyuta yake. Kompyuta yenyewe nzee, herufi mbili za kibodi zimeshatoka, na ndani ina Ubuntu kwa sababu Windows ilikuwa imeishinda. "Foto zote ziko mu mashini, papa," aliniambia, huku akizitia alama: hizi za upande wa bwana, hizi za upande wa bibi, hizi za wakwe wanaotaka kutumiwa kwenye simu kabla jua halijazama. Programu aliyoitumia inaitwa Shotwell. Hajailipia hata faranga moja.

Agosti 2019, kazi hiyohiyo ya kupokea picha, kuzichambua na kuzirusha bila waya ilipelekwa mahakamani California. Mdai alikuwa Rothschild Patent Imaging, kampuni ya Leigh Rothschild, mwenye hataza zipatazo mia moja. Mshtakiwa alikuwa GNOME Foundation, shirika lisilo la faida linaloitunza Shotwell. Silaha ilikuwa hataza ya Marekani namba 9,936,086, iliyotolewa 2018. Hataza ndiyo ile ambayo sisi wa Kongo tumezoea kuiita breve. Hii ilidai umiliki wa wazo la kifaa kupokea picha, kuzichuja kwa kigezo fulani, kisha kuzituma kwa njia isiyo na waya. Mama yeyote anayechagua picha za mwanawe tu kwenye simu na kumtumia shangazi yake Likasi anakaribia sana kufanya hivyo.

Biashara ya wavizia hataza, yaani wanaotumia hataza kutoza watu fedha kwa vitisho vya kesi, haihitaji kushinda kesi. Inahitaji bei. GNOME waliambiwa wanaweza kulimaliza jambo kwa makumi ya maelfu ya dola, wapewe leseni, waendelee na kazi zao. Kujitetea katika kesi ya hataza Marekani mpaka hukumu kunagharimu mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mhasibu wa mshtakiwa huwa wa kwanza kusema "tulipe", hata kama wanasheria wanaona hataza haina mashiko. Na akilipa mmoja, malipo yake yanakuwa ushahidi wa kumtishia wa pili.

GNOME walikataa. Tarehe 21 Oktoba 2019 mawakili wao wa Shearman & Sterling, waliofanya kazi bila malipo, waliwasilisha mahakamani mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni ombi la kesi kutupwa. La pili ni majibu rasmi: Shotwell haikiuki hataza hiyo. La tatu ni madai kinzani.

Wengi walisoma habari hiyo wakashangilia lile la kwanza. Mimi naona kazi kubwa ilifanywa na mawili ya mwisho, na sababu imo katika Kanuni ya 41 ya mashauri ya madai ya mahakama za shirikisho za Marekani. Kanuni hiyo inamruhusu mdai kuiondoa kesi yake mwenyewe, kwa taarifa tu, bila kumwomba hakimu, mradi mshtakiwa hajawasilisha majibu wala kuomba hukumu ya mapema. Ombi la kutupa kesi, peke yake, halimzuii. Mvizia hataza akiona mshtakiwa ana mawakili wakali, anajiondoa kimya kimya, hataza yake ikiwa haijaguswa, anaenda kubisha hodi kwa mwingine mnyonge zaidi. Majibu yakishaingia, anahitaji kibali cha mahakama au ridhaa ya mshtakiwa. Na madai kinzani yakishakuwamo, hakimu haiondoi kesi mshtakiwa akipinga, isipokuwa madai hayo yanaweza kubaki na kusikilizwa yenyewe.

Yaani aliyekuja kuuza hofu alijikuta ndiye mwenye cha kupoteza. Kesi ikiendelea na hataza ikatangazwa batili, haimtishi GNOME tena, wala kampuni nyingine yoyote.

Hapo mdai alibaki na mlango mmoja. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilishasema 2013, katika kesi ya viatu kati ya Nike na kampuni iitwayo Already, kwamba ahadi pana ya kutoshtaki tena inaweza kuyamaliza madai kinzani. Mdai akitaka kutoka, basi, atoe ahadi. Swali likawa: ahadi ya upana gani?

Mchango wa wananchi kwa utetezi wa GNOME ulisifiwa sana: watu zaidi ya 4,000 walitoa zaidi ya dola 150,000. Sidharau hata kidogo. Fedha zile zilimwonyesha mdai kwamba muda hautawachosha GNOME. Lakini fedha peke yake haifupishi kesi: mwaka 2007 Red Hat na Novell, kampuni zenye fedha, walishtakiwa Texas kwa hataza za zamani za Xerox kuhusu meza nyingi za kazi kwenye kioo kimoja. Baraza la wazee wa mahakama mjini Marshall lilizibatilisha Aprili 2010, baada ya miaka miwili na nusu. GNOME walimaliza kwa miezi tisa.

Tarehe 20 Mei 2020 suluhu ilitangazwa. GNOME hawakujichukulia kinga peke yao. Rothschild aliahidi kutoishtaki, kwa hataza zake zote, programu yoyote iliyotolewa chini ya leseni ya programu huria iliyoidhinishwa na shirika la Open Source Initiative, mradi programu hiyo iwe sehemu ya msingi ya madai. Dosari ipo: hataza ilibaki hai, na wenye programu za kufungwa waliachwa nje. Wakili McCoy Smith hakuridhika. Aliiomba ofisi ya hataza ya Marekani iichunguze upya, na mwaka 2022 madai yote yaliyomo katika hataza hiyo yakafutwa.

Kisheria, hataza ya Marekani haina meno Lubumbashi. Hataza huishia mpakani, na Kongo ina sheria yake ya Januari 1982. Mpiga picha wa Karavia asingeshtakiwa na mtu. Angepoteza programu tu, siku ambayo wanaoitunza ng'ambo wangechoka. DHIS2, ambayo zone zetu za afya zinaingizia takwimu, nayo ni programu huria yenye leseni ya BSD, mojawapo ya zile zilizoidhinishwa na Open Source Initiative.

Ndiyo maana nawaomba vijana wa hapa wanaoandika programu na kuziweka hadharani: ahadi ya 2020 imefungwa kwenye leseni, haikufungwa kwenye nia njema. Programu iliyowekwa bila leseni yoyote haimo, na yenye masharti mliyojitungia wenyewe haimo pia. Chagueni moja kati ya zilizoidhinishwa, muiweke kwenye faili la kwanza kabla ya kupandisha kitu kingine chochote.