Mimbari ya Smirna: Tafakari juu ya Kitabu cha George Horton

Jina la Smirna tumelizoea katika kitabu cha Ufunuo. Mji huo wa pwani ya Asia Ndogo, ambao leo huitwa İzmir, ulishikwa na majeshi ya Ugiriki tangu Mei 15, 1919 hadi Septemba 1922, kwa idhini ya mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza. George Horton, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini humo, aliandika habari zake katika The Blight of Asia (1926). Ushahidi wake una thamani. Hukumu yake haina budi kupimwa upya.

Horton anayaona mambo hayo kuwa vita kati ya Ukristo na Uislamu. Lakini kisa kimoja anachokisimulia mwenyewe kinampinga. Aristeidis Stergiadis, Kamishna Mkuu wa Ugiriki, aliagiza kwamba ibada fulani katika kanisa kuu isiingizwe siasa. Askofu Mkuu Chrysostomos alipoanza kuiingiza katika mahubiri, Stergiadis alimkatiza hadharani. Askofu akamalizia kwa jina la Utatu, akashuka.

Horton anausifu uthabiti wa mtawala, kisha anapita. Sisi hatuwezi kupita. Kwa desturi twamtetea mhubiri anaponyamazishwa na serikali. Hapa, hata hivyo, mtawala ndiye aliyewakumbuka Waislamu wasiokuwamo kanisani. Siku askari walipotua, askofu aliwabariki. Siku iyo hiyo Waturuki wengi waliuawa na kuporwa. Stergiadis aliwaadhibu Wagiriki waliohusika. Hata hivyo haki yake ilisimama juu ya bunduki, nayo haikuviokoa vijiji vya bara ambavyo jeshi lilivichoma liliporudi nyuma mwaka 1922.

Mwisho ulipofika, Stergiadis aliondoka kwa meli ya Waingereza. Chrysostomos alikataa kuliacha kundi lake. Nureddin Pasha alimtia mikononi mwa umati, nao wakamwua. Siku chache baadaye mji uliteketea.

Horton anayajua yote mawili, kosa la mhubiri na uaminifu wa mchungaji, ila hayaweki pamoja. Sisi twapaswa kuyaweka. Kifo cha mchungaji hakiyatakasi mahubiri yake, wala kosa la mahubiri halimpunguzii heshima ya kufa pamoja na watu wake. Apandaye mimbarini mbele ya askari waliotwaa mji na ajiulize jirani aliye nje atayasikiaje maneno yake.