Meza ya Kwanza: Kitabu cha Vibonzo Kutoka Gusii Hadi Ukumbi wa Nairobi

Meza ya mchoraji katika tamasha la vibonzo ni duka la siku moja au mbili, lenye upana usiozidi sana mita moja na nusu. Karibu kila kinachotokea mezani hapo huwa kimeamuliwa wiki kadhaa kabla milango haijafunguliwa. Matamasha ya aina hii yana historia ndefu: la San Diego, Marekani, lilianza mwaka 1970, na Comiket ya Tokyo ilianza Desemba 1975 ikiwa na vikundi 32 tu vya wachoraji waliojichapishia kazi zao. Nairobi ina tamasha la NAICCON. Kwa mchoraji wa Kisii au Nyamira, ukumbi wa tamasha hilo uko takribani kilomita 300 kutoka nyumbani, kwa njia ya Keroka, Sotik, Bomet na Narok. Mchoraji wa Nairobi akisahau kitu humtuma mtu akakilete. Wa Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira, hana nafasi hiyo, na ndiyo maana maandalizi yake lazima yawe makali zaidi.

Kwa miaka mingi vibonzo vya Kenya vilimfikia msomaji kupitia mikono ya wengine. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi gazetini. Jarida la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, liliuzwa na wauza magazeti. Pichadithi za miaka ya 1980, zilizochora hadithi za jadi za makabila ya Kenya, zilikuwa na mchapishaji, na jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, lilitolewa bure ndani ya gazeti la kila siku. Mezani, mchoraji mwenyewe ndiye mchapishaji, mchukuzi, mwuzaji na mtunza hesabu. Hapo ndipo wengi wenye kipaji hukwama, kwa sababu kuchora vizuri hakumfundishi mtu kazi hizo nne.

Kazi huanza kwa kuchagua hadithi inayoweza kueleweka kwa mtu anayepita. Gusii ina hadithi za namna hiyo tele, na iliyo wazi kuliko zote ni ya Otenyo Nyamaterere. Januari 1908, kwa kuchochewa na Moraa wa Ng'iti, mwanamke aliyeheshimiwa kwa utabiri wake, Otenyo alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa kikoloni ambaye Abagusii, wenyeji wa eneo hilo, walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Jeshi lilitumwa kuadhibu eneo zima, Otenyo akauawa, na hadi leo Abagusii husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Kwa mchoraji, simulizi hili lina ukurasa mmoja unaojieleza bila maneno: mkuki umeshatoka mkononi, ofisa amegeuza mgongo, vilima vya kijani viko nyuma. Ukurasa huo ndio unaofaa kuwa wazi mezani na kukuzwa kwenye bango. Jalada zuri humfanya mtu apunguze mwendo, lakini ukurasa wa ndani ndio unaomfanya anyooshe mkono.

Lugha huamuliwa mapema pia, kwa kuwa huathiri mchoro wenyewe. Maneno ya Kiswahili ni marefu; kitenzi kimoja kama "wamekwishatuzunguka" kinahitaji kiputo kipana, na kiputo kikishachorwa chembamba neno hukatwa katikati na macho ya msomaji hujikwaa. Njia salama ni kuandika maneno kwanza, kupima neno refu kuliko yote, ndipo kiputo kichorwe kulizunguka. Mchoraji anayetaka Ekegusii, lugha ya Abagusii, isikike anaweza kuwapa wahusika wake miito, salamu na majina ya Ekegusii, huku masimulizi yakibaki Kiswahili. Kitabu cha Ekegusii kitupu ni kazi ya thamani kubwa, lakini soko lake la kwanza liko katika miji ya Gusii kama Suneka na Nyansiongo, si katika ukumbi wa Nairobi.

Katika uchapaji, makosa hayasameheki. Kitabu cha A5 hutengenezwa kwa kukunja karatasi za A4 katikati na kuzipiga pini mgongoni, hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Hadithi ya kurasa 22 italazimika kuwa 24, na kurasa mbili za ziada zijazwe kitu chenye maana: ramani ya Gusii ya 1908, au maelezo mafupi kuhusu Moraa. Picha huandaliwa kwa ubora wa angalau dpi 300. Rangi inayofika ukingoni ipitishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, la sivyo mstari mweupe utaonekana pembeni. Faili hubadilishwa kuwa CMYK kabla ya kutumwa. Kijani cha majani ya chai kinachong'aa kwenye skrini hufifia karatasini, na ni heri mchoraji aligundue hilo kwenye nakala moja ya majaribio kuliko kwenye nakala 100. Nakala hiyo ya majaribio ichapishwe kwa mashine ileile na kwa karatasi ileile.

Uzito nao hupigiwa hesabu. Kitabu chenye kurasa 24 za karatasi ya gramu 130 kwa mita mraba na jalada la gramu 250 kina uzito wa takribani gramu 64, kwa hiyo nakala 100 ni kilo 6 na nusu hivi. Mzigo huo unabebeka. Anayechapisha Kisii huingia nao kwenye gari ukiwa ndani ya katoni ngumu iliyofungwa kwa turubai, kwa sababu mvua ya Gusii haingoji msimu. Anayechapisha Nairobi husafiri mikono mitupu, lakini hana budi kufika siku mbili kabla, kwani nakala zenye dosari hazirekebishwi asubuhi ya tamasha.

Kuhusu pesa, mfano wa hesabu utaonyesha hali ilivyo. Tuseme uchapaji ni shilingi 180 kwa nakala na bei ya kuuzia ni 400. Kila nakala inaacha 220. Tuseme meza ni 8,000, nauli na mzigo kwa watu wawili ni 6,000, na bango ni 5,000. Gharama hizo za 19,000 zitarudi baada ya kuuza nakala 87, idadi kubwa kwa jina ambalo hakuna aliyelisikia. Lakini picha moja moja za A4, zinazogharimu 60 na kuuzwa 200, huacha 140 kila moja. Nakala 50 pamoja na picha 58 hutosha kurudisha gharama. Wachoraji wawili wakigawana meza, safari na bango, kila mmoja huhitaji nakala 44 tu, hata bila picha. Kugawana ndiko kunakostahili kupendekezwa bila kusita kwa anayeanza, mmoja akitoka Kisii na mwenzake Nyamira.

Kupanga meza kunafuata kanuni ambazo wauzaji wa soko la Daraja Mbili, Kisii, wanazijua tangu utotoni: bidhaa isilale chini yote, mafungu yapandishwe ngazi, na bei isomeke bila kuulizwa. Vitabu viwili au vitatu husimamishwa kwenye kishikio kwa kimo cha macho, nakala moja iliyoandikwa "Soma" huachwa wazi mbele, na akiba hufichwa chini ya kitambaa. Picha nyepesi hupeperushwa na feni, na hapa vinyago vidogo vya mawe ya Tabaka, Gusii, hufaa kuliko kitu chochote: hushikilia karatasi na kumwambia mpita njia mchoraji ametoka wapi. Vifungashio viwe vya karatasi, kwani Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017.

Siku yenyewe, namba ya Lipa na M-Pesa huandikwa kwa herufi kubwa pande mbili za meza, na simu mbili zenye laini za kampuni tofauti huwekwa tayari, kwa sababu mtandao hulemewa ukumbi ukijaa. Chenji ya noti za 50 na 100 huletwa kutoka nyumbani. Maelezo ya kitabu yawe sentensi moja, kwa mfano: "Ni hadithi ya kijana wa Gusii aliyemchoma mkuki mtawala wa kikoloni mwaka 1908, karibu ufungue." Baada ya hapo mchoraji anyamaze, mgeni asome. Mchoraji aliyeinamia simu hupoteza watu ambao hata hatajua walipita. Anayechora huku amekaa huwavuta, maana watu hupenda kuona mstari ukizaliwa. Mtu wa pili ni wa lazima. Bila yeye hakuna chakula, hakuna msalani, na hakuna nafasi ya kuzungukia meza za wengine, ambako ndiko maswali ya karatasi, bei na wachapaji hupata majibu ya kweli.

Hesabu hufungwa jioni ileile, kabla ya safari ya kurudi: nakala ngapi zimetoka, picha ipi imeisha kwanza, saa ngapi mauzo yalipanda, nani aliacha namba akitaka toleo la pili. Zilizobaki haziwi hasara zikipangiwa njia mapema. Maktaba za shule, maduka ya vitabu ya Kisii na Nyamira, na maonyesho ya kilimo ya ASK mjini Kisii yote ni masoko. Duka la vitabu mara nyingi hutaka namba ya ISBN, ambayo nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Taifa ya Maktaba, na inafaa iombwe kabla ya uchapaji ili ichapwe nyuma ya jalada badala ya kubandikwa baadaye. Haki ya mtunzi huwepo tangu kazi inapochorwa, lakini kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kunarahisisha mambo picha ya Otenyo ikionekana kwenye fulana ya mtu mwingine. Idadi ya toleo la pili hupangwa kwa kufuata mauzo yaliyoandikwa daftarini, na nakala ya majaribio hutolewa upya hata kama mchapaji ni yuleyule.