"Utalii wa Ndege": Istilahi Yenye Utata

Istilahi "utalii wa ndege" inasikika katika shughuli za utalii. Hata hivyo, msikilizaji asiyeijua kazi yenyewe aweza kudhani kwamba watalii hao husafiri kwa eropleni. Sababu ni wazi: neno "ndege" lina maana mbili, na kiungo "wa" hakizitenganishi. "Utazamaji ndege" ni istilahi bora zaidi, kwa kuwa hutaja kitendo chenyewe. Na mwenye kazi hiyo ataitwa "kiongozi wa watazama-ndege".

Kasoro kubwa zaidi imo katika majina ya ndege wenyewe. Kiongozi akiwa Serengeti humwita "tai" ndege awindaye, kisha akamwita "tai" yule alaye mizoga. Mgeni hapati taabu, kwani anacho kitabu cha lugha yake. Apoteaye ni mwananchi. Tangu mwaka 2015 aina kadhaa za wala mizoga wa Afrika, akiwamo yule mwenye mgongo mweupe, zimeorodheshwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka, na sababu kuu ni sumu. Mfugaji aambiwapo "tulinde tai", humkumbuka mnyakuzi wa wana-mbuzi wake, wala si msafishaji wa mbuga.

Neno "tumbusi" tunalo. Halihitaji kubuniwa bali kutumiwa. Twapendekeza "tai" abaki kuwa mwindaji, na "tumbusi" mla mizoga. Walimu, wafasiri na viongozi wa watalii na walijaribu, kisha watuletee maoni yao.